Mabanzi au michongoma: kipi kifiche bustani?

Ukiwa Mafinga, mji wa mbao mkoani Iringa, mabanzi ya misonobari (vipande vya pembeni vya gogo lililopasuliwa mbao) ni bei chee, na fundi akianza asubuhi, jioni jirani haoni tena mchicha wako. Kuyafikisha Mbeya mjini ni hadithi nyingine: nauli ya fuso huweza kuizidi bei yake. Adui ni mchwa na mvua za Novemba hadi Aprili. Nguzo zipakwe oili chafu, mbali na matuta ya mboga.

Michongoma hutaka subira ya miaka kadhaa, kisha kupunguzwa kila mara. Ila miiba yake! Mbuzi hapiti, mwizi hajaribu. Kwenye bustani finyu, mizizi huzinyang'anya mboga maji.

Mpangaji achukue mabanzi, atahama nayo. Mwenye kiwanja chake apande michongoma, hata nyuma ya mabanzi.