Mabua ya Mahindi au Makumbi ya Nazi kwa Uyoga Chaza?

Malindi makumbi yamejaa kila uga, lakini ukipata mabua, anza nayo. Lignini yake, yaani kile kinachoupa mmea ugumu, ni kiasi cha asilimia 15 hadi 20, na utando (nyuzi nyeupe za uyoga) hupenya haraka. Vimeng'enya vya mwanzo vya uyoga, yaani protini zinazovunja chakula, vikikata nyuzi za mabua, hutoka vipande vidogo vya sukari, na hivyo ndivyo huamsha jeni za kutengeneza vimeng'enya zaidi. Glukosi ikizidi, protini ya Cre1 hushika DNA na kuzizima jeni hizo. Ndiyo maana molasi, ambayo wengine huiongeza kwenye mabua wakidhani ni mbolea, humfanya uyoga azembee huku kuvu wa kijani, mshindani wake, akishiba.

Makumbi lignini yake hupita asilimia 30. Hapo kazi ni ya lakasi na peroksidasi, vimeng'enya vya kuvunja lignini, na mfuko wa kuoteshea huchelewa kuwa mweupe kwa utando. Yaliyofukiwa kwenye tope la bahari kwa ajili ya kamba yana chumvi. Yasuuze kwa maji matamu mara kadhaa.

Yote kata sentimita 3 hadi 5, loweka usiku kucha, pasha nyuzijoto 70 hadi 80 kwa saa mbili. Ukikamua kiganjani yadondoke matone machache tu. Yakichuruzika, mfuko utaoza kuanzia chini.