Mfarishi wa viraka wa mtindo wa zamani: kitambaa gani cha masoko ya Dodoma kinafaa?

Anayetaka kushona mfarishi wa viraka wenye sura ya zamani, ule wa maua madogo na rangi zilizopoa, asianzie duka la vitenge. Aende mitumbani, Majengo au Sabasaba, kwenye meza za mashati ya kiume na mashuka.

Mtindo huu ulishamiri Marekani miaka ya 1930. Uchumi ulikuwa umeanguka, na kampuni za unga na chakula cha kuku zikawa zinafunga bidhaa kwenye mifuko ya pamba yenye maua ili kina mama waishone nguo. Mabaki yakaishia kwenye mifarishi. Kwa hiyo kinachotafutwa ni pamba nyepesi, michoro midogo, na viraka visivyofanana sana.

Shati la pamba la mtumba lina karibu yote hayo. Limeshafuliwa mara nyingi, limeshasinyaa, na rangi ya kuchuja imeshachuja. Mgongo wa shati la kiume peke yake hutoa miraba kama 20 ya sentimita 11.2. Liinue juani kabla ya kulipa: palipochakaa, hasa kwapani na mabegani, patachanika kabla ya mshono kuachia. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa nyuzi mbili uziwashe. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Polista inayeyuka na kuganda kama shanga nyeusi ngumu. Iache hiyo, haikubali kulala chini ya pasi.

Kitenge ndicho kinachoangusha wengi. Michoro yake ni mikubwa, hivyo ukikikata miraba midogo unabaki na vipande vya rangi visivyoeleweka. Kinauzwa kikiwa na gundi ya kiwandani inayokifanya kionekane kizito, na kinachuja. Loweka kipande kwenye maji ya moto nusu saa pamoja na kitambaa cheupe. Cheupe kikibadilika, kitenge hicho kisiguse mfarishi. Siki na chumvi, ambazo kila mtu anazishauri, hazizuii rangi ya kiwandani kuchuja.

Kanga ni habari nyingine. Kwa juu haifai sana, lakini kwa mgongo wa mfarishi, yaani upande wa chini, hakuna kinachoishinda: ni pamba, ni nyepesi, na ina uzamani wake wenyewe. Kisutu chekundu na cheusi, au kanga iliyotunzwa sandukuni tangu enzi za kiwanda cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, kinatoa mfarishi wa zamani ya kwetu badala ya kuiga ya Wamarekani. Kanga mpya ifuliwe kwanza, mara mbili ikiwa ni nyekundu. Ikisinyaa baada ya kushonwa, mfarishi mzima unajikunja kingo.

Sasa vipimo. Kitanda cha futi nne kwa sita kinahitaji mfarishi wa sentimita 150 kwa 210, yaani mapande 35 ya sentimita 30, matano kwa upana na saba kwa urefu. Mapande 18 yawe ya viraka tisa, 17 yawe matupu, yapishane. Viraka tisa mara 18 ni miraba 162: 90 ya maua, 72 ya rangi moja. Shuka moja la pamba la sentimita 200 kwa 230, la maziwa au kijivu, linatosha miraba hiyo 72, mapande yote matupu, na utepe wa kingo wa upana wa sentimita 6 (unahitaji mita saba na nusu). Usichovye shuka jeupe kwenye chai ili lionekane kuukuu. Rangi hiyo inapauka kwa madoa, na chai inadhoofisha nyuzi.

Doti moja ya kanga, vipande viwili vya takriban 150 kwa 110, ikiunganishwa inafikia urefu unaotakiwa ila inapungua upana, kwa sababu mgongo lazima uzidi juu kwa sentimita 5 kila upande. Ongeza utepe wa sentimita 10 ubavuni, kulia na kushoto, kutoka kwenye mabaki ya shuka. Na tazama jina la kanga lisije likalala kichwa chini upande wa mto wa kulalia.

Cherehani cheusi cha miguu, kile cha barazani kwa kila fundi, kinatosha kabisa. Tatizo ni mazoea ya fundi: nguo huachiwa sentimita moja na nusu ya mshono, hapa ni milimita 6 tu. Bandika utepe wa gundi kwenye bati la cherehani kama mpaka. Mshono wa milimita 7 badala ya 6 unafanya pande la viraka tisa lipungue milimita 4 kuliko pande tupu, na hapo pembe hazikutani tena. Dawa yake ni kushona mapande ya viraka kwanza, kuyapima, ndipo ukate matupu kwa kipimo kilichopatikana, hata kama si sentimita 31.2 za kwenye karatasi (30 pamoja na mishono).

Kwa tabaka la katikati, kati ya juu na mgongo, blanketi jembamba la pamba lililochakaa ni bora kuliko pamba ya mito. Pamba ya mito inavimbisha mfarishi ukafanana na wa dukani, na ikifuliwa inajikusanya pembeni. Mifarishi ya kale ni bapa, na kwa baridi ya Juni na Julai ya Dodoma blanketi hilo linatosha. Likiwa dogo, unga kingo kwa kuzigusanisha bila kuzipandisha, la sivyo utaacha mstari mnene usiofichika.

Piga bandi, ule mshono mrefu wa muda, tabaka zote tatu kila sentimita 10, ukianzia katikati. Kisha, ili kushona tabaka hizo pamoja kwa cherehani, badili sindano namba 14 uweke 16, refusha hatua ya mshono hadi milimita 3, na ulegeze mguu unaokandamiza kitambaa. Usipolegeza, tabaka la juu linasukumwa mbele na kuacha mikunjo kila mistari inapokatana. Fundi akikuambia bandi haina haja, mtafute mwingine.

Ukiisha, ufuliwe kwa maji baridi na uanikwe kivulini, mgongo juu. Jua la Dodoma linapausha kwelikweli, ila linapausha upande mmoja.