Kadi Badala ya Diski: Tathmini ya Adapta ya iPod ya Zamani

iPod yangu ya kizazi cha 5, kicheza muziki cha mfukoni cha Apple, ile iliyotoka mwaka 2005 ikiwa na diski ya gigabaiti 30, ilianza kwa kutoa mlio wa tik-tik kila nilipochagua wimbo, na baada ya siku chache ikaacha kuwaka sawasawa na kuonyesha ile picha ya uso wenye huzuni ambayo wenye vifaa hivi tunaiogopa. Humo ndani mna diski ndogo ya inchi 1.8, yenye sahani inayozunguka na kichwa kinachosoma juu yake bila kuigusa, na chombo cha namna hiyo kikibebwa mfukoni kwa miaka mingi hakina budi kuchoka. Kutafuta diski nyingine ya umri uleule ni kumrithisha mgonjwa ugonjwa wa mwenzake, kwa hiyo niliagiza adapta, yaani bodi nyembamba inayopokea kadi ya SD upande mmoja, huku upande wa pili ikiwa na kiunganishi kilekile cha diski, hata iPod yenyewe isitambue kwamba imebadilishiwa.

Adapta yenyewe sina neno baya nayo, isipokuwa moja. Kifungio kinachoshika utepe wa data, yaani waya bapa unaounganisha adapta na bodi kuu, ni kijiti cha plastiki chembamba mno; inafaa kukiinua kwa ncha ya ukucha, kuusukuma utepe hadi mwisho ukiwa umenyooka, kisha kukilaza taratibu. Mara ya kwanza niliuingiza ukiwa umeelemea upande kidogo, kiasi ambacho jicho halikukiona, na kifaa kikagoma kabisa. Nilipoufungua na kuurudisha, kikawaka bila kinyongo.

Kazi ngumu zaidi ni kufungua. Uso wa kizazi cha 5 ni wa plastiki na mgongo ni wa chuma, navyo hushikana kwa vibanio vilivyojipanga pembeni. Tumia kipande cha plastiki chembamba wala usitumie bisibisi, kwa sababu ukingo wa chuma ukishapinda haurudi ulivyokuwa. Vibanio vikiachia, jizuie usivute, maana betri imegandishwa kwenye mgongo na utepe wake umeunganishwa na bodi kuu, na upo pia utepe wa tundu la hedifoni. Pande mbili zikitenganishwa kwa pupa, mmojawapo utachanika, na hapo ndipo ukarabati mdogo hugeuka kuwa mkubwa.

Lililonighadhabisha halikutokana na adapta bali na kadi. Niliuziwa kadi iliyoandikwa gigabaiti 256, kompyuta ikakubali kwamba ni 256, iTunes, programu ya Apple ya kusimamia iPod, ikarejesha mfumo wa kifaa bila lalamiko, nami nikahamisha maktaba yote kwa usiku mmoja. Asubuhi albamu za mwanzo zilicheza vizuri, lakini nyingine zilirukwa moja baada ya nyingine, majina yapo na sauti hakuna. Kadi ilikuwa bandia: ujazo wake wa kweli ulikuwa mdogo sana na idadi iliyotangazwa ilikuwa ya uongo. Tangu hapo sifungi kadi yoyote kabla ya kuijaza na kuisoma upya kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwa wanaotumia Mac na Linux. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, lakini ni nafuu kuliko kukifungua kifaa mara ya pili.

Kuhusu ujazo, nashauri kiasi. Toleo la gigabaiti 30 lina RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ya megabaiti 32 tu, ilhali yale ya 60 na 80 yana 64, na orodha ya nyimbo hupakiwa humo. Ukiweka makumi ya maelfu ya nyimbo, kifaa hukwama au hujizima na kuwaka tena hata kama kadi bado ina nafasi tele. Kadi kubwa inamfaa mwenye mafaili mazito machache, au aliye tayari kuweka Rockbox, mfumo mbadala unaosoma mafolda moja kwa moja na kucheza FLAC, aina ya faili la sauti lililobanwa bila kupoteza ubora, jambo ambalo mfumo wa Apple haulifanyi. Mwenye iPod classic ya mwaka 2007 au 2008 naye ajue kwamba mfumo wake wa asili hauvuki takribani gigabaiti 128, kikwazo ambacho toleo la 2009 halina.

Na matokeo? Kifaa kimekuwa chepesi mkononi, wimbo huanza papo hapo, na naweza kukimbia nacho bila hofu. Sauti haikubadilika hata kidogo, wala haikupaswa kubadilika, kwa kuwa chipu ya Wolfson inayoitoa haikuguswa. Chaji hudumu zaidi kwa sababu hakuna kinachozunguka, ingawa nilijilaumu kwa kuiacha betri ya zamani wakati mgongo ulikuwa wazi mbele yangu. Adapta ni nyembamba kuliko diski, hivyo hubaki uwazi ndani, na nilipoutikisa mkono nilisikia kitu kikigonga. Kipande cha sponji chenye ukubwa wa stempu kilitosha kuituliza.