Pytest na Pygame: nilivyoipima daladala bila kuiona

Nina gemu ndogo ninayoitengeneza usiku nikishatoka kazini, chumbani kwangu Sinza. Daladala inakwenda barabara ya Bagamoyo, konda anapiga bodi, wewe unasimamisha kituoni abiria wapande. Nimeiandika kwa Python na Pygame, maktaba ya kutengenezea gemu. Miezi minne kipimo cha uchoraji kilikuwa macho yangu: nafungua, naangalia, nafunga.

Pytest yenyewe, chombo cha kuendesha majaribio ya msimbo, sina neno nayo. Fanksheni inaanza na test_, unaweka assert, yaani dai la jibu unalotegemea, basi. Ikifeli inakuonyesha ulichotegemea na kilichotoka. Kazi iko kwenye kuchora.

Nilianza na unittest.mock. Nikaweka kitu bandia (mock) mahali pa pygame.draw.rect, fanksheni ya kuchora mstatili, nikawa naangalia kama kimeitwa kwa rangi na vipimo vyake. Majaribio yote yakapita. Jamaa yangu akaicheza, akaniuliza, "Kaka, mbona gari linakimbia tupu?" Abiria walikuwepo! Nilikuwa nawachora kwanza, halafu nawafunika na bodi la gari. Kila mchoro uliitwa, kila kipimo sawasawa, lakini mock haijui nani amemfunika nani.

Nikahamia kwenye pikseli. Natengeneza Surface, yaani turubai ya kuchorea, ya pikseli 100 kwa 60, naijaza kijani, nachora gari, kisha naiuliza get_at, inayotaja rangi ya pikseli moja: hapa dirishani kuna rangi ya shati la abiria au ya bodi? Hapo ndipo kosa la abiria lilipokamatwa. Mstari wa rangi ya ruti kwenye bodi ulinisumbua zaidi. Mstatili unaoanzia 20 wenye upana wa 40 unaishia pikseli ya 59, ila rect.right, ukingo wake wa kulia, inakujibu 60, ambayo tayari iko nje. Nusu saa nzima naisingizia Pygame.

Picha zangu zinapita kwenye convert_alpha, inayoziandaa kwa skrini bila kupoteza sehemu zake za uwazi, nayo haikubali kabla hujaita set_mode, inayofungua dirisha. Dawa yake ni kuweka SDL_VIDEODRIVER, kigezo cha mazingira kinachochagua njia ya kuonyesha picha, iwe dummy (ya bandia) kabla ya kuwasha Pygame, halafu ndipo uite set_mode. Dirisha linakuwepo kwa jina tu, na majaribio yanakimbia hata kwenye seva isiyo na skrini. Hili peke yake nalipa nyota tano.

Nisichokushauri ni kulinganisha skrini nzima na picha uliyoihifadhi. Kwangu ilipita, kwa jamaa ikafeli, kwa sababu kibao cha "Tegeta – Makumbusho" nilikiandika kwa SysFont, inayochukua fonti zilizomo kwenye kompyuta, na kompyuta yake haina fonti ile. Siku hizi fonti naibeba ndani ya folda ya gemu, na maneno nayapima yakiwa bado maneno, kabla hayajawa rangi.

Mock sijaitupa. Nimeiachia sauti ya honi, maana majaribio nayaendesha saa saba usiku na ukuta wa jirani ni mwembamba.