Prius yangu iliambiwa betri imekufa, kumbe feni imejaa vumbi (uzoefu wangu)

Wakuu naandika hii kwa wenye Prius za mkononi, ile Toyota ya haibridi inayotumia petroli na betri kubwa ya umeme, hasa toleo la ZVW30 kama yangu, maana nilibakiza siku mbili tu nitoe milioni tatu na nusu kununua betri ambayo sikuhitaji kabisa.

Dalili zilianza zamani ila sikuzielewa. Ukikaa siti ya nyuma unasikia kitu kinavuma kama draya ya saluni, mke wangu kila siku ananiambia, mi namjibu hiyo ni AC. Vile vimistari vya betri kwenye dashibodi vikawa vinajaa haraka na kuisha haraka, na mafuta ikaanza kula, kutoka kilomita 20 hivi kwa lita ikashuka mpaka 16. Sasa mwezi wa kumi na moja tunaenda Iringa, gari imejaa, pale katikati ya mlima Kitonga ikawaka pembetatu nyekundu na gari ikaishiwa nguvu, nyuma kuna malori yananipigia honi, yani nilitetemeka. Nikajikokota hivyo hivyo mpaka juu, nikazima, tukakaa kama nusu saa, kuwasha tena inaenda vizuri kabisa.

Kurudi Dar, gereji ya kwanza walichomeka mashine dakika tano wakasema betri ya haibridi imekwisha, hakuna mjadala. Nikaomba nipige picha kioo cha mashine, imeandika kodi ya hitilafu P0A82. Hiyo picha ndo imeniokoa, kwa sababu fundi wa pili niliyeelekezwa na dereva mwenzangu, yuko Tabata, alipoiona tu akaniambia, "Kaka hii haisemi betri imekufa, inayosema badilisha betri ni P0A80. Hii inalalamikia feni ya kupoza."

Kazi yake niliipenda maana hakuanza kwa kufungua, alianza kwa kupima. Betri ya hii gari ina moduli 28, kila moja volti 7.2, jumla volti 201.6, na mashine inazisoma mbili mbili yani mafungu 14. Tukazunguka mtaani yeye anaangalia laptop, mafungu yote yanapanda na kushuka pamoja, hakuna linalobaki nyuma. Betri nzima! Ila joto la betri likapanda mpaka nyuzi 51 na hatujaenda hata mbali. Tukarudi, akaiamuru feni kwa mashine izunguke spidi ya mwisho, akachukua kipande cha tishu akakiweka kwenye yale matundu ubavuni mwa siti ya nyuma. Feni inapiga kelele kweli lakini tishu ikadondoka chini, haivuti kitu. Hicho kipimo cha tishu kimenifundisha kuliko maelezo yote.

Kufungua sasa, jamani hii usijaribu nyumbani kwa spana ya kuazima. Alichomoa kwanza betri ndogo ya volti 12, akavaa glavu za mpira za umeme, akatoa ile plagi ya rangi ya chungwa inayokata umeme wa betri kubwa akaiweka mfukoni mwake, tukasubiri dakika kumi ndo akagusa, na bado alipima kwanza kwa mita. Feni ilipotoka, ndani ya yale mapanga kuna vumbi na manyoya yameshikamana mazito kama kipande cha blanketi. Akasafisha kwa brashi laini na upepo, na vile vibati vya shaba vinavyounganisha moduli vilikuwa vimeanza kuota ukijani, akavisugua vyote. Baada ya kurudisha gari ikagoma kuandika READY kwenye dashibodi, yani haiko tayari kuondoka, roho ikanidunda, kumbe mkono wa ile plagi haukufungwa mpaka mwisho.

Kitu ambacho sikukijua miaka yote: hii betri inapozwa na hewa ya ndani ya gari. Mi nilikuwa nazima AC nibane mafuta, na begi la watoto linakaa palepale limeziba matundu. Betri ilikuwa inavuta hewa ya moto na hata hiyo haifiki.

Gharama laki moja na themanini, nimeridhika kabisa, ila siwezi kusifia tu. Alisema masaa matatu ikawa siku nzima, na ile elfu thelathini ya kusugua vibati aliniambia wakati ameshamaliza, angesema mapema nisingekataa. Na klipu mbili za plastiki za nyuma zimevunjika, barabara ya mashimo inagonga gonga.

Ni miezi minne sasa. Matundu nayapitishia vakyumu kila nikiosha gari, mafuta imerudi 20. Wiki iliyopita nimepanda Kitonga saa saba mchana na mizigo, nimechomeka kidude cha bluutuu kinachosoma kompyuta ya gari naangalia kwenye simu, joto la betri limeishia nyuzi 43. Klipu Jumatatu nazipeleka azibadilishe.