Koti la Kuvalia Kanzu: Kazi ya Fundi Mmoja wa Mchangani

Koti linalovaliwa juu ya kanzu halina tai wala ukosi wa shati wa kulisitiri aibu yake. Kwa hivyo mimi huanza kuangalia mkunjo wa kifuani, ile sehemu inayotoka kwenye ukosi na kuteremka hadi kifungo cha juu. Na kwa kigezo hicho, duka la fundi cherehani nililoshonesha koti langu mtaa wa Mchangani, Mjini Unguja, linastahiki kusifiwa, ingawa si kwa kila kitu.

Mteja huoneshwa aina tatu: mkunjo wenye pengo pale unapokutana na ukosi, ambao ndio wa kawaida, wenye ncha zinazoelekea mabegani, uliozoeleka katika makoti ya vifungo safu mbili, na wa mviringo usio na pengo, ambao Ulaya asili yake ni mavazi ya hafla za usiku. Nilichagua wa kwanza, kwani kanzu yenye darizi shingoni ina pambo lake tayari, na ncha kali zingeshindana nalo.

Ubora wenyewe umo ndani. Makoti mengi ya rahisi hutiwa kitambaa kigumu kilichogandishwa kwa gundi, na gundi hiyo, ikikutana na unyevu na pasi ya moto, huachia na kufanya malengelenge kifuani ambayo hakuna pasi itakayoyaondoa. Fundi huyu hukishikiza kitambaa hicho kwa sindano ya mkono, kwa mishono midogo ya mshazari, huku ameupinda mkunjo juu ya vidole vyake ili uzowee umbo lake tangu unaposhonwa. Ndiyo maana haulali bapa, bali unageuka taratibu kuelekea kifungoni, na langu limepita masika bila ya kuvimba popote.

Kasoro zipo. Tundu la kifungo kwenye mkunjo wa kushoto, ambalo zamani lilikuwa la kufungia koti hadi shingoni na baadaye likawa la kutilia ua, limedariziwa tu bila ya kukatwa. Bwana harusi anayetaka kuchomeka ua atalazimika kutumia pini. Upana wa mkunjo nao hukatwa kwa kipimo kimoja kwa watu wote, hata mwembamba akaonekana amemezwa. Mwambieni mapema aufanye uishie karibu na nusu ya masafa baina ya ukosi na bega, naye hakatai.

Kitambaa kipelekwe kabla ya Shaabani, kwa sababu harusi zikishaanza kufuatana, kile kipimo cha pili, ambacho ndicho kinachorekebisha mkunjo, huwa hakipatikani tena.