Chevening: skolashipu inayokufuatilia mpaka urudi nyumbani

Kila ikifika mwezi wa nane naanza kuulizwa Chevening ikoje, sasa niandike hapa mara moja maana nimepita mwenyewe na tangu nirudi Dar nawasaidia wadogo zangu wanaoomba. Naipa nyota nne kati ya tano, na kinachonifanya niipende kuliko nyingine ni usimamizi wake, sio hela.

Kwa asiyeijua, ni skolashipu ya serikali ya Uingereza iliyoanza 1983, inasomesha masters ya mwaka mmoja kwa watu wanaoonekana watakuja kuwa viongozi kwao. Ada wanalipa, tiketi, viza, na posho ya kila mwezi (wa London wanapata zaidi kidogo maana kule kodi ya chumba ni balaa). Kuomba ni bure kabisa, kwahiyo mtu akikwambia umtumie hela ya kushughulikia fomu yako jua huyo ni tapeli, mblock tu.

Usimamizi unaanza mlangoni. Wanataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, ila wanauhesabu kwa masaa, 2,800, yaani masaa 35 kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka, mara miaka miwili. Na kujitolea kunahesabika, hapa ndipo wengi wanajikatia tamaa bure. Kuna dada nilikaa naye na kalamu na daftari, hana ajira rasmi lakini amejitolea kituo cha afya Jumamosi na Jumapili, masaa saba kila siku, kwa miaka mitano. Tukapiga hesabu, 14 mara 40 mara tano, 2,800 kamili! Alikuwa ameshasema yeye hafai.

Halafu insha. Kwa miaka mingi zimekuwa nne: uongozi na ushawishi, kujenga mtandao wa watu, kwanini usome Uingereza, na mipango yako ya kazi. Usiandike "mimi ni kiongozi mwenye maono", andika ulifanya nini, nani alipinga, ulimshawishi vipi, nini kilibadilika, maana ukifika intavyuu wanakuchimba humohumo kwenye ulichoandika na kama ulipamba inaonekana dakika ileile, na mimi kwakweli nawapongeza kwa hilo kwa sababu hela za walipa kodi, hata wakiwa wa nchi nyingine, hazipaswi kwenda kwa mwenye maneno matamu tu.

Ukishafika kule kuna mtu wa programu anayekusimamia. Kubadili kozi lazima uombe ruhusa, ukitoka nje ya nchi lazima wajue. Wengine wanaona wanabanwa, mimi niliona najaliwa, aisee ukiwa mgeni kwenye baridi ile kuwa na mtu anayejua uko wapi na unaendeleaje sio jambo dogo.

Kubwa kuliko yote, ukimaliza unarudi nchini kwako kwa miaka miwili. Hakuna ujanja, hata ile viza ya kubaki baada ya masomo, kama ulifadhiliwa na serikali ndani ya miezi 12 iliyopita, inadai barua ya ruhusa ya mfadhili. Naunga mkono asilimia mia, tumeshapoteza watu wetu wengi sana kwa kusomeshwa na kubaki hukohuko.

Ila hapohapo ndipo nilipowanyima nyota ya tano. Wanakurudisha lakini kazi unajitafutia mwenyewe, na ambaye aliacha kazi ili akasome anarudi kuanza moja na shahada yake mkononi. Pia hawalipii mwenza wala watoto, na kwetu hilo linawaumiza zaidi kina mama, nawajua wenye sifa zote ambao hata fomu hawakufungua kwa sababu mtoto bado mdogo na hakuna wa kumwachia.

Jambo la mwisho kwa wanaotaka kuomba, fomu hufungwa mwanzoni mwa mwezi wa kumi lakini vyuo unaviomba mwenyewe pembeni, Chevening haikuombei. Majibu hutoka kuanzia mwezi wa sita na barua ya chuo ya kukupokea bila masharti inatakiwa mwezi wa saba, kwahiyo transkripti (karatasi ya matokeo yako ya chuo) fuatilia sasa hivi, usisubiri kuitwa intavyuu, maana ofisi za vyuo vyetu tunazijua.